Joka Lenye Mafua

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi,
kabla ya saa kumi na mbili, ukungu wa St. John's
umekalia bandari kama mgeni asiyejua kuaga,
teksi inamshusha Philomena Keough mlango wa nyuma
na mfuko wake: sweta, peremende za tangawizi,
kitabu cha jalada la manjano
kilichotafunwa kona na mbwa.

Saa nne kitini. Sindano mbili.
Damu inatoka matembezi, inaogeshwa, inarudi nyumbani;
mashine inakoroma kama mume.
Jirani yake ni Leander Hynes,
fundi mstaafu wa meli za kuvunja barafu,
mtu wa maneno machache, yote yana ndimu.

"Unasoma nini?"
"Joka limepata mafua."
"Ikawaje?"
"Haliwezi kuwasha tanuri. Mji mzima unakula uji."
"Na wewe mtu mzima, Philomena."
"Uji wenyewe mtamu, kwa jinsi ulivyoandikwa."
Akageukia ukuta.

Alhamisi, kabla sijamfunga hata kipimo cha presha:
"Lile joka. Limepona?"

Mimi muuguzi wao nilikuwa na vitabu vyangu,
vile ambavyo dunia inaungua ukurasa wa tatu
na mwokozi wake hana muda wa kupiga mswaki.
Nilidhani ukweli unaishi huko.
Hivi vya manjano niliviona uji wa mgonjwa:
laini, vuguvugu, havihitaji meno.

Lakini sikiliza wanachojadili.
Chombo cha anga kinapeleka barua kwenye miezi saba;
nahodha wake haogopi kimondo, anaogopa kuku,
na kuku yumo, kwenye shehena, ana tiketi halali.
Mchawi amesahau neno moja tu maishani:
lile la kufungulia mtungi wa jemu.
Hakuna anayeokoa ulimwengu.
Wanaokoa unga usinyeshewe.
Mtu akisema nitarudi jioni,
jioni anarudi, na viatu vyake vina matope.

Watu hawa wanaojua kiwango cha potasiamu yao
kama wengine wanavyojua siku za kuzaliwa za wajukuu,
nani atawafundisha kwamba roho ni nyepesi?
Wamechoka kufundishwa.
Wanataka birika likiwekwa motoni, lichemke.

Jumamosi moja ya Februari theluji ikaziba milango.
Umeme ukakata kauli, jenereta ikaitika,
teksi hazikuja. Tukabaki wodini,
wagonjwa tisa, mimi, na pakiti moja ya biskuti.
Philomena akasoma kwa sauti chini ya taa ya dharura:
joka likapiga chafya, bomba la moshi likaanguka,
mwokaji akainua nyundo, na

"Basi," akasema.
"Kilichobaki kimo tumboni mwa mbwa."

Kimya. Nje upepo ulikuwa ukitafuta ufa.
Ndipo Leander akasafisha koo.
"Kwanza, matofali yale hayakufaa tangu mwanzo.
Ukimjengea joka, lazima uache nafasi ya chafya,
inchi mbili kila upande. Na udongo utiwe chumvi."
Akachora hewani kwa mkono wenye bandeji,
akalisimamisha bomba tofali kwa tofali,
akatukemea tulipotaka kuezeka kabla ya wakati.
Akamwajiri mjane wa kukanda udongo.
Mjane alikuwa mbishi, akipenda peremende za tangawizi,
na wodi nzima ikamtambua
isipokuwa Leander.

Saa nane za usiku joka likavuta pumzi,
pua zote mbili, safi,
na mkate wa kwanza ukatoka.
Mzee wa kiti cha tano,
ambaye tangu Alhamisi alikuwa akirudisha sahani zikiwa zimejaa,
akanigusa kiwiko, akanong'ona
kama tunayo siagi.